Ubao Unaokomea Miraba 64

Gety iko kusini mwa Bunia, katika nchi ya Walendu Bindi, teritwari ya Irumu, mkoa wa Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa mashariki ardhi inateremka hadi Ziwa Albert, na ng'ambo ya ziwa ni Uganda, kwenye mchezo wa ubao uitwao omweso. Ukishuka kusini hadi Rwanda utakuta igisoro. Ukielekea kusini-magharibi, mbali huko Kasai, Waluba wana kisolo. Ukienda mashariki mpaka uione bahari, kuanzia Lamu kushuka Zanzibar, utakuta bao la Kiswahili kwenye baraza, na wazee wamelizunguka. Kaskazini-mashariki, katika nyanda za juu za Ethiopia, watu walicheza senterej kwa karne nyingi, sataranji yao wenyewe yenye sheria zisizopatikana kwingine. Mtu wa Gety amezungukwa pande zote na michezo ya ubao iliyokomaa, yenye mabingwa na istilahi zake.

Sasa mpe mtu huyo simu janja, umwambie atafute mchezo wa ubao. Atakachokutana nacho kwa wingi ni sataranji ya kimataifa, miraba minane kwa minane. Akitafuta kitu cha jamii ya bao, mara nyingi ataletewa kile cha mistari miwili na mashimo sita kila upande, ambacho Mmarekani William Champion alianza kukiuza kwa jina la Kalah katika miaka ya 1940. Michezo ya mistari minne, iliyoenea eneo lote hili la Afrika, ni michache humo, na iliyomo mara nyingi imepunguzwa sheria.

Jibu linalotolewa haraka ni soko: wateja wako Ulaya na Marekani, basi. Jibu hilo lina ukweli lakini halitoshi. Kuna sababu nyingine iliyofichika ndani ya programu zenyewe, nayo ni namna zinavyoushika ubao. Mtengenezaji wa programu hufanya uamuzi siku ya kwanza kuhusu mraba ni kitu gani, ubao una ukubwa gani na hatua ya mchezo inaandikwaje. Baada ya hapo kila kitu kinajengwa juu ya uamuzi huo, na mchezo usioingia humo unabaki nje kwa miaka. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha suala zima.

Tuanze na biti. Prosesa ya kisasa hushika kwa mkupuo mmoja namba yenye biti 64, na kila biti ni nafasi ya ndiyo au hapana. Sataranji ina miraba 64. Ukitaka kujua askari weupe wote wako wapi, namba moja inatosha: biti ya kila mraba inakuwa 1 penye askari na 0 pasipokuwa naye. Kuna aina sita za kete kwa rangi mbili, kwa hiyo namba 12 zinaubeba ubao wote. Kuwasogeza askari wote weupe hatua moja mbele ni kuisogeza namba yao biti nane, na hiyo ni amri moja tu ya prosesa. Ndiyo maana programu za sataranji zinaweza kukagua mamilioni ya hali za mchezo kwa sekunde.

Wazo hili ni la zamani kuliko prosesa za biti 64. Arthur Samuel wa IBM, aliyeifundisha kompyuta kucheza drafti katika miaka ya 1950, alitumia mashine iliyoshika biti 36 kwa pamoja. Drafti huchezwa kwenye miraba 32 tu, ile ya rangi moja. Biti nne zilizosalia hakuzijaza kitu. Aliziweka kama kingo, ili kete inayotoka pembeni mwa ubao iangukie kwenye biti tupu na programu itambue kwamba hatua hiyo haipo. Baadaye waliotengeneza Kaissa mjini Moscow, programu iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa sataranji ya kompyuta huko Stockholm mwaka 1974, nao waligawa biti moja kwa kila mraba. Siku hizi njia hiyo ndiyo desturi ya programu zenye nguvu.

Shida inaanza ubao ukikua. José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alipendekeza sataranji ya miraba 80, safu kumi kwa nane, yenye kete mpya mbili kila upande. Miraba 16 ya ziada haina pa kukaa kwenye biti 64. Shogi ya Japani ina miraba 81, na sataranji ya Kichina ina nafasi 90. Fairy-Stockfish, programu ambayo Fabian Fichter aliitengeneza kwa kupanua Stockfish, programu mashuhuri ya sataranji, ili icheze aina nyingi za mchezo huo, inapoandaliwa kwa kawaida hukomea minane kwa minane. Ukitaka mbao kubwa, unaiandaa upya kwa namna nyingine, inayotumia biti 128, na hapo unafika safu 12 kwa mistari 10. Miraba 120 inaingia. Miraba 144, yaani 12 kwa 12, haiingii. Hakuna mzee wala mwanachuoni wa sataranji aliyeweka mpaka huo. Umewekwa na ukubwa wa chombo.

Njia nyingine ni kuuandika ubao kama orodha ya namba, kila mraba na kilichomo. Ni rahisi kuielewa, na kwa nadharia orodha inaweza kurefushwa upendavyo. Lakini nayo ina mtego wake. Ili programu isipoteze muda kuuliza kila mara kama kete imetoka nje, watengenezaji wengi waliuzungushia ubao wa 64 ukingo wa miraba ya uongo na kupata orodha ya nafasi 120. Upana wa ukingo ulipimwa kwa farasi, kwa kuwa hakuna kete nyingine ya sataranji inayoruka mbali kuliko yeye. Katika mchezo ambao kete yake inaruka hatua nne, kete hiyo itauvuka ukingo na kutua upande wa pili wa ubao, na programu itaukubali mruko huo bila kulalamika. Kwa hiyo tabia ya mnyama mmoja wa sataranji imeamua ni michezo gani inaweza kuandikwa humo kwa usalama.

Kikomo kingine kimo kwenye hatua yenyewe. Stockfish huifunga kila hatua katika biti 16: sita za mraba kete inakotoka, sita za inakokwenda, na nne za mambo ya ziada kama askari kupandishwa cheo. Biti sita zinahesabu hadi 64 na kusimama. Kuna pia herufi. Safu za ubao huitwa kwa herufi kuanzia a, na kete zenyewe huandikwa kwa herufi moja moja, kwa hiyo alfabeti ya herufi 26 inakuwa ukuta kwa safu na kwa aina za kete. Hata maandishi ya hali ya ubao, ambamo tarakimu husimamia miraba mitupu inayofuatana, yalidhani kwamba tarakimu moja itatosha. Ukiandika 10, programu ya zamani inasoma 1, kisha 0.

Japani kuna mchezo uitwao taikyoku shogi, wa miraba 36 kwa 36, kete 402 kila upande na aina za kete zaidi ya 200. Miraba yake 1,296 haihesabiki hata kwa baiti moja, ambayo mwisho wake ni namba 256 tofauti. Kumbukumbu ya simu ya kawaida inaubeba ubao huo bila taabu. Kinachogoma ni skrini: yenye upana wa nukta 720 itaupa kila mraba nukta 20, na kidole cha mtu kitafunika miraba kadhaa kwa pamoja. Hicho nakiita kikomo cha kweli, kwa sababu kinatokana na mwili wa mchezaji. Vile vingine vyote ni maamuzi ya watu, na maamuzi hubadilishwa.

Ukubwa si dhana pekee inayofungia mchezo nje. Senterej ya Ethiopia huchezwa kwenye miraba 64 ileile, na kwa hesabu ya biti haina tatizo lolote. Lakini mchezo unaanza kwa kipindi kiitwacho werera, ambapo wachezaji wote wawili husogeza kete kwa wakati mmoja, kila mtu kwa kasi yake, bila zamu, hadi kete ya kwanza inapoliwa. Hapo ndipo zamu zinapoanza. Mwanahistoria Richard Pankhurst aliueleza mchezo huu katika makala aliyoitoa mwaka 1971. Programu karibu zote za sataranji zina biti moja isemayo sasa ni zamu ya nani, na katika werera biti hiyo haina jibu. Mtu hawezi kuiongeza senterej kwa kuongeza kete mpya kwenye faili la mipangilio. Inambidi abomoe msingi. Akiondoa werera ili iingie kwenye kompyuta, kinachobaki hakistahili jina lile.

Tuje kwenye bao, kwa maana hapa ndipo penye mengi.

Sataranji inauliza: nani amekaa kwenye mraba huu? Bao linauliza: zimo kete ngapi? Kete za bao hazina rangi wala cheo, na ile iliyokuwa ya mwenzako dakika hii inakuwa yako dakika ijayo. Mraba wa sataranji una majibu 13 tu: kete 12 au utupu. Shimo la bao linaweza kuwa na namba yoyote kuanzia sifuri na kuendelea. Mtengenezaji aliyeanza na dhana ya mraba mmoja, kete moja, hata akipanua ubao wake hadi miraba milioni, hataliingiza bao humo.

Hatua nayo ni ya aina nyingine. Katika sataranji hatua ina mwanzo na mwisho, na hubadilisha miraba miwili, mara chache mitatu au minne. Katika bao unataja shimo na upande wa kuelekea, kisha kete zinasambazwa, zinakula, zinachukuliwa tena, zinaendelea, na zikitulia huenda mashimo zaidi ya nusu yamebadilika. Katikati ya safari hiyo, kete ya mwisho ikiangukia nyumba yake mwenyewe, yaani shimo lake kuu, ikiwa bado hai, mchezaji anaweza kuwa na hiari ya kulala hapo au kusafiri nayo. Hatua moja, basi, ina uamuzi ndani yake. Kwa mtindo wa kutoka mraba fulani kwenda mraba fulani, haiandikiki. Ujanja mwingi wa kuharakisha programu za sataranji pia umejengwa juu ya imani kwamba ubao hubadilika kidogo kidogo, na kwenye bao imani hiyo inaporomoka.

Halafu kuna namua, awamu ya kwanza ya mchezo. Bao la Kiswahili linaanza na kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zimo mkononi mwa mchezaji. Kila zamu anaingiza moja. Kete za mkononi ni sehemu ya hali ya mchezo ingawa hazimo ubaoni, na zikiisha, sheria zinabadilika na awamu ya pili, mtaji, inaanza. Nyumba nayo ina hali yake, iwe hai au imekufa, na macho hayawezi kuijua hali hiyo kwa kuhesabu kete tu. Omweso wa Uganda unaleta jambo jingine: kila mchezaji hupanga kete zake 32 kwenye mashimo yake 16 atakavyo kabla ya kuanza. Kuna mipangilio takriban bilioni 750 kwa upande mmoja pekee. Programu inayodhani kila mchezo una hali moja ya kuanzia, iliyoandikwa tayari, haina mahali pa kuuweka upangaji huo, ilhali kwa wachezaji wazuri upangaji ni sehemu ya ubingwa.

Mtu angedhani basi kwamba bao ni zito mno kwa kompyuta ndogo. Si kweli hata kidogo, na hapa naomba msomaji anifuate kwenye hesabu. Mstari mmoja wa bao una mashimo manane. Shimo likipewa baiti moja, yaani biti nane, mstari mzima unakuwa biti 64 kamili, kipimo kilekile kinachobeba ubao wa sataranji. Mistari minne ni namba nne. Bao zima linakaa kwenye baiti 32, pungufu ya sentensi hii. Kusambaza kete tano kwenye mashimo matano yanayofuatana katika mstari ni kujumlisha namba moja, ile yenye 1 katika kila baiti kati ya hizo tano. Kwa jumla moja, mashimo matano yamepata kete moja moja. Na kwa kuwa kete za bao zima ni 64 na baiti inahesabu hadi 255, hakuna shimo litakalofurika na kumwagikia jirani yake. Kisolo ya mashimo saba kwa mstari inaingia vilevile, na baiti ya nane inayobaki tupu inaweza kutumika kama ukingo, kama zile biti nne za Samuel.

Kinachohitaji uangalifu ni mizunguko. Katika michezo hii kuna hali ambazo kete zikianza kutembea hazisimami kamwe. Watu mezani wanaona jambo hilo na kukubaliana la kufanya. Programu isiyoambiwa itazunguka hadi betri iishe. Lazima iwe na hesabu ya kikomo, na kikomo hicho kiwe kile ambacho wachezaji wenyewe wanakitambua.

Utafiti wa kompyuta kuhusu michezo ya jamii hii upo, na ni wa kiwango cha juu. John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam walilimaliza awari, bao la mistari miwili la Afrika Magharibi, mwaka 2002. Walikagua hali 889,063,398,406 kwa kompyuta yenye prosesa 144 ndani ya saa 51, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Bao la mistari minne liko mbali na hapo. Kete 64 zinaweza kugawanywa kwenye mashimo 32 kwa namna zinazokaribia 10 ikifuatiwa na sifuri 24, na hiyo ni zaidi ya mara trilioni kumi ya awari. Alex de Voogt, Mholanzi aliyekaa na mabingwa wa Zanzibar, alitoa mwaka 1995 kitabu kizima juu ya umahiri wao, na huko Maastricht Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk waliandika kuhusu kuliingiza bao kwenye programu. Maarifa, basi, hayakukosekana. Yaliishia kwenye makala za kitaalamu, na hayakufika kwenye simu ya mtu wa Irumu.

Zipo programu zilizokataa kuufungia ubao kwenye umbo moja. Zillions of Games, iliyotolewa mwaka 1998, ilimwachia mtumiaji aandike faili lake la sheria, na ubao ndani yake ni nafasi zenye majina na viungo kati yake. Ubao wa pembe sita au wa duara ni sawa tu na ule wa mraba. Ludii, iliyotokana na mradi ulioongozwa na Cameron Browne katika Chuo Kikuu cha Maastricht kati ya 2018 na 2023, ilikwenda mbali zaidi: ina michezo zaidi ya elfu moja, na jamii ya bao imepewa ubao wake, unaotaja idadi ya mistari na mashimo kama namba za kawaida. Huo ndio mtazamo ninaouunga mkono. Gharama yake ni kasi, kwa kuwa programu inayokubali kila kitu haiwezi kutegemea ujanja wa mchezo mmoja. Wapenzi wa mashindano ya programu huiona gharama hiyo kuwa kubwa.

Mimi siioni hivyo, na sababu ni mchezaji. Anayetaka kushindana na bingwa wa dunia wa sataranji anahitaji hali mamilioni kwa sekunde. Kijana anayetaka kucheza na mwenzake, au kujifunza sheria jioni, anahitaji programu iliyo sahihi, nyepesi na inayofanya kazi bila mtandao. Vijijini Ituri simu nyingi zinachajiwa kwa sola, na za bei nafuu zina kumbukumbu ndogo. Baiti 32 za bao hazitamlemea mtu. Kasi inaweza kuongezwa baadaye, mchezo mmoja mmoja, chini ya sheria zilizokwisha kuandikwa vizuri. Kinyume chake hakiwezekani kwa urahisi, kama senterej inavyoonyesha: ukianza na kasi, sheria ndizo zinazokatwa zitoshee.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wanaojifunza kuandika programu Bunia, Kampala, Dar es Salaam na Mombasa: msianze na ubao wa mtu mwingine mkatafuta namna ya kuubana mchezo wenu ndani yake. Kaeni kwanza na wanaoucheza. Waulizeni idadi ya mistari na mashimo, nani anaanza, kete ngapi ziko mkononi, mzunguko usioisha unakatwaje, na ni kitu gani mchezaji anakumbuka ambacho ubao hauonyeshi. Andikeni majibu hayo kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani kabla ya kugusa msimbo. Idadi ya mashimo iacheni iwe namba inayobadilika, ili mtu wa kijiji cha pili mwenye mashimo saba asilazimike kuanza upya. Anayetaka pa kuanzia, aanze na bao: sheria zake zimeandikwa, wachezaji wake wako hai, na simu aliyonayo mfukoni inatosha.